Kriketi: Shabaha humjenga mrushaji wa ligi kuliko kasi

KIJANA anayeanza kurusha mpira wa kriketi hutamani jambo moja mbele ya mengine yote: kasi. Hutaka kuona mpigaji akirudi nyuma, wiketi zikiruka na watazamaji wakishangilia. Baada ya mechi, karatasi ya matokeo humwonyesha jambo jingine: ametoa mikimbio mingi, hakupata wiketi, na ova zake zimeigharimu timu ushindi.

Kumbukumbu za kriketi ya Afrika Mashariki zinafundisha kinyume cha tamaa hiyo. Warushaji wawili kati ya waliopata mafanikio makubwa wakiwa na timu za ukanda huu katika Kombe la Dunia hawakuwa vijana wala hawakuwa na kasi. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 39, mwingine 43, na wote wawili walirusha mpira wa polepole.

Kwa mchezaji wa ridhaa ambaye hufanya kazi siku tano na kucheza mwishoni mwa juma, funzo hilo lina thamani kubwa. Kasi huhitaji mwili wa ujana na muda mrefu wa mazoezi. Shabaha huhitaji mpira mmoja, kipande cha ardhi na subira.

Karim na Nsubuga

Machi 15, 2003, mjini Durban, Afrika Kusini, Kenya ilikutana na Australia, timu ambayo baadaye ilitwaa Kombe la Dunia la mwaka huo bila kupoteza mechi hata moja. Kenya ilianza kupiga ikapata mikimbio 174 kwa kupoteza wiketi 8. Hakuna aliyetarajia kwamba idadi hiyo ingewasumbua mabingwa.

Ndipo Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alipokabidhiwa mpira. Karim alikuwa amestaafu kriketi ya kimataifa mwaka 1999, kisha akaombwa kurudi kwa ajili ya mashindano hayo. Alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, akiuzungusha mpira kidogo na kuudondosha mahali pale pale kila mara.

Siku hiyo alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, zikiwamo za Ricky Ponting, nahodha wa Australia, na Darren Lehmann. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia ilishinda kwa wiketi 5 zilizobaki, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwa Karim, aliyekuwa upande ulioshindwa.

Miaka 21 baadaye, Juni 2024, Uganda ilicheza na Papua New Guinea nchini Guyana katika Kombe la Dunia la ova 20. Frank Nsubuga, mkongwe wa Uganda, alirusha ova zake 4 akatoa mikimbio 4, akachukua wiketi 2, na ova 2 hazikutoa chochote. Hadi siku hiyo, hakuna mrushaji aliyekuwa amemaliza ova 4 za mechi ya Kombe la Dunia la aina hiyo kwa mikimbio michache kiasi hicho.

Rekodi hiyo ilidumu kwa siku chache tu, kwani katika mashindano hayo hayo Lockie Ferguson wa New Zealand alirusha ova 4 bila kutoa mkimbio. Pamoja na hayo, Papua New Guinea ilitolewa kwa mikimbio 77, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Kusoma takwimu za mrushaji

Takwimu za mrushaji huandikwa kwa tarakimu nne: ova alizorusha, ova tupu (zile ambazo hazikutoa mkimbio), mikimbio aliyotoa na wiketi alizochukua. Kwa hiyo kazi ya Karim huandikwa 8.2–6–7–3, na ya Nsubuga 4–2–4–2. Nukta katika 8.2 si ya desimali. Humaanisha ova 8 na mipira 2, yaani mipira 50.

Kutokana na tarakimu hizo hupatikana vipimo vitatu. Cha kwanza ni wastani wa mikimbio kwa kila ova, ambao hupatikana kwa kugawanya mikimbio kwa ova. Cha pili ni mikimbio kwa kila wiketi, na cha tatu ni mipira kwa kila wiketi. Katika mechi za ova 20, ambamo mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4, kipimo cha kwanza ndicho huamua mara nyingi nani apewe mpira tena.

Mchezaji wa ligi anapaswa kuanza kujipima kwa mipira ya ziada. Mpira unaopita mbali na mpigaji, yaani waidi, huipa timu pinzani mkimbio mmoja na lazima urushwe tena. Noboli, yaani mpira uliorushwa kinyume cha sheria, nayo huongeza mkimbio na hurudiwa, na katika mechi nyingi za ova chache mpigaji hupewa mpira mmoja wa kupiga bila hofu ya kutolewa kwa njia za kawaida.

Chukulia mrushaji aliyemaliza ova 4 kwa mikimbio 32, akiwa ametoa waidi 5 zilizogharimu mkimbio mmoja mmoja. Wastani wake ni mikimbio 8 kwa ova. Kama angeziondoa waidi hizo tano bila kubadili jambo jingine lolote, angetoa mikimbio 27, na wastani wake ungekuwa 6.75. Huyo ni mrushaji yule yule, mwenye kasi ile ile. Tofauti ni kwamba sasa nahodha anaweza kumtegemea.

Noboli ina hasara nyingine isiyoonekana kwenye wastani. Mpigaji hatolewi kwa vijiti kuangushwa wala kwa mpira kudakwa iwapo mpira huo ni noboli. Mrushaji anayevuka mstari hupoteza wiketi ambayo alikuwa ameshaipata.

Kurusha si kutupa

Kiswahili kinasaidia kueleza sheria kuu ya kazi hii, kwa kuwa kurusha na kutupa ni vitendo viwili tofauti. Katika kriketi mpira hurushwa kwa mkono ulionyooka unaozunguka juu ya bega. Mkono ukifika usawa wa bega, kiwiko hakipaswi kunyooshwa zaidi kabla mpira haujaachiliwa. Katika mechi za kimataifa, tangu mwaka 2005 Baraza la Kimataifa la Kriketi limeruhusu kiwiko kunyooka kwa kiasi kisichozidi nyuzi 15.

Sheria ya miguu nayo ni muhimu. Mguu wa mbele unapotua, sehemu yake fulani lazima iwe nyuma ya mstari wa mbele, ambao uko mita 1.22 mbele ya vijiti. Mguu wa nyuma utue ndani ya mstari wa pembeni bila kuugusa. Mwamuzi huangalia mambo haya kabla ya kuangalia mpira ulikoelekea.

Umbali kati ya vijiti vya upande mmoja na mwingine ni mita 20.12. Mpira wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na wa wanawake ni mwepesi kidogo. Vipimo hivi vinastahili kuzingatiwa mazoezini, kwani anayezoea njia fupi au mpira mwepesi hulazimika kujifunza upya siku ya mechi.

Mshiko na mbio

Mpira wa kriketi una mshono unaouzunguka. Kwa mrushaji wa kasi au wa kasi ya kati, mshono husimama wima ukielekea kwa mpigaji. Kidole cha shahada na cha kati hukaa juu, kimoja kila upande wa mshono, na kidole gumba hukaa chini yake. Mpira hushikwa kwa vidole, pakiwa na uwazi kidogo kati yake na kiganja. Mpira uliozama kiganjani hauna mwelekeo.

Kwa mrushaji wa kuzungusha, vidole hulala juu ya mshono kwa kuukingama, na kifundo cha mkono au vidole ndivyo huupa mpira mzunguko. Anayeanza asijaribu aina nne za mizunguko kwa wakati mmoja. Afadhali awe na mpira mmoja anaoweza kuudondosha anapotaka, kisha auongezee mwingine mmoja ulio tofauti.

Mbio za kuelekea kwenye mstari ndizo chanzo cha makosa mengi. Mchezaji asiyepima mbio zake hufika mstarini kila mara kwa mguu tofauti, akilazimika kufupisha au kurefusha hatua ya mwisho. Hapo ndipo noboli na waidi huzaliwa.

Njia ya kupima ni rahisi. Mrushaji husimama mstarini akiupa mgongo upande wa mpigaji, hukimbia kwa mwendo wake wa kawaida kurudi nyuma, kisha huachilia mpira wa kufikirika. Mwenzake huweka alama pale mguu wa mbele ulipotua. Zoezi likirudiwa mara kadhaa, alama zitakaribiana, na hapo ndipo mwanzo wa mbio zake. Baada ya hapo huhesabu umbali huo kwa nyayo zake na kuukariri, ili aweze kuupima katika uwanja wowote.

Kwa mrushaji wa ridhaa mwenye kasi ya kati, hatua 8 hadi 12 zinatosha. Mbio ndefu humchosha, na uchovu huharibu shabaha katika ova ya tatu na ya nne, wakati timu inapomhitaji zaidi.

Wakati wa kuachilia mpira, kichwa kibaki kimetulia na macho yaelekee mahali mpira utakapodondokea. Mkono usioshika mpira upande juu, kisha ushuke karibu na mwili ukielekea mbele. Mkono huo ukikatiza pembeni mapema, mwili huanguka upande mmoja na mpira hufuata. Baada ya kurusha, mchezaji aendelee mbele kwa hatua kadhaa akitoka nje ya pichi, kwani sheria inakataza kukanyaga eneo la katikati mbele ya mpigaji.

Mahali pa kudondoshea mpira

Shabaha ya mrushaji ina sehemu mbili: mwelekeo na umbali. Mwelekeo ulio salama kwa wengi ni ule unaopita juu ya kijiti cha nje cha mpigaji au pembeni yake kidogo. Hapo mpigaji hulazimika kucheza, na akikosea, mpira huweza kugonga vijiti au kugusa ukingo wa gongo na kudakwa na mlinda wiketi.

Kuhusu umbali, mpira wa kasi au kasi ya kati unaodondoka kati ya mita 6 na 8 kutoka vijiti vya mpigaji humtia mashakani: hajui asogee mbele au arudi nyuma. Mpira wa kuzungusha, kwa kuwa ni wa polepole, hudondoshwa karibu zaidi, kwa kawaida kati ya mita 3 na 5. Ukidondoka mbali na mpigaji humpa muda wa kuusoma. Ukimfikia kabla haujadunda, huwa zawadi, isipokuwa ule unaodondoka miguuni mwake kabisa, ambao huitwa yoka.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini shabaha huzidi kasi. Kutoka mstari wa mrushaji hadi mstari wa mpigaji ni takriban mita 17.7. Mrushaji akiongeza kasi kutoka kilomita 105 hadi 110 kwa saa, jambo linaloweza kumgharimu miezi mingi ya mazoezi, humpunguzia mpigaji takriban sehemu 3 za mia za sekunde. Akisogeza mahali pa kudondoshea mpira kwa mita 1, humbadilishia mpigaji uamuzi wote.

Aina ya pichi nayo hubadili hesabu. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki vimetumia mikeka juu ya ardhi ngumu, na vingine nyasi bandia. Juu ya mkeka mpira huruka juu zaidi na mzunguko hushika vizuri, hivyo mrushaji husogeza shabaha yake karibu kidogo na mpigaji. Mwenye busara hutumia mipira michache kabla ya mechi kuona unavyodunda.

Mazoezi ya saa moja

Mchezaji asiye na kocha anaweza kujifundisha kwa utaratibu ufuatao. Atandike gazeti lililofunguliwa mahali anapotaka mpira udondoke, alizuie kwa mawe madogo kwenye pembe au alichorwe kwa chaki mahali hapo. Asimamishe kijiti kimoja badala ya vitatu.

Baada ya kupasha mwili joto, arushe mipira 36, sawa na ova 6, akipumzika kidogo kila baada ya mipira 6 kama ilivyo kwenye mechi. Kwenye daftari aandike mambo matatu: mipira iliyogusa gazeti, ile ambayo ingekuwa waidi, na ile ambayo mguu ulivuka mstari.

Kwa wiki za kwanza, mipira 12 kati ya 36 kwenye shabaha ni mwanzo mzuri. Ikifika 18, gazeti likunjwe nusu. Baadhi ya siku zoezi lifanyike mwishoni, mwili ukiwa umechoka, kwa sababu mechi hairushwi na mwili uliopumzika.

Faida ya daftari ni kwamba huondoa kubahatisha. Mrushaji anaweza kuamini kwamba tatizo lake ni mkono, kumbe kurasa tatu zinaonyesha kwamba makosa yake hutokea kwenye mpira wa kwanza wa kila ova, yaani kabla hajatulia. Hilo halirekebishwi kwa mkono bali kwa kuvuta pumzi na kuanza mbio bila haraka.

Wanaotumia mpira wa tenisi kwa sababu ya gharama wafahamu kwamba huo hudunda juu zaidi na ni mwepesi. Unafaa kwa kufundisha mbio na mwelekeo, lakini umbali wa kudondoshea hujifunzwa vizuri kwa mpira halisi.

Kulinda mgongo

Kurusha kwa kasi huuelemea mgongo wa chini, hasa kwa vijana ambao mifupa yao haijakomaa. Nyufa ndogo katika mifupa ya uti wa mgongo ni jeraha linalofahamika vyema miongoni mwa warushaji wa kasi, na huweza kumweka mchezaji nje kwa miezi kadhaa.

Hatari huongezeka pale nyonga zinapoelekea upande mmoja na mabega upande mwingine wakati wa kurusha. Mchezaji achague mkao mmoja: ama mwili wote utazame pembeni, ama wote utazame mbele. Aidha, walimu na manahodha wasimpe kijana ova nyingi mfululizo kwa kuwa tu ndiye hodari. Maumivu ya mgongo yanayorudi kila anaporusha ni sababu ya kusimama na kumwona daktari.

Kutoka Dar es Salaam hadi milimani

Kriketi ya Tanzania imejikita zaidi Dar es Salaam, ambako viwanja vya Gymkhana, Annadil Burhani na Leaders Club vimekuwa makao ya mchezo huo. Oktoba 2008, jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa Ligi ya Dunia ya Kriketi Daraja la Nne. Bingwa alikuwa Afghanistan, timu ambayo miaka 7 baadaye ilicheza Kombe la Dunia na mwaka 2017 ikakubaliwa miongoni mwa mataifa yanayocheza mechi za siku tano. Wenyeji walibaki nyuma.

Tanzania ilipata faraja mwaka 2025, pale vijana wake wenye umri chini ya miaka 19 waliposhinda mashindano ya Afrika ya kufuzu yaliyofanyika Lagos, Nigeria, na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2026 nchini Zimbabwe na Namibia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kufika huko.

Mafanikio hayo yanaibua swali la wapi watatoka warushaji wengine. Kwa mpigaji, kujifunza huhitaji wenzake wa kumrushia, pedi, glovu na gongo. Mrushaji anaweza kuanza peke yake. Hata katika vijiji vya milimani kama Ngujini, katika milima ya Upare mkoani Kilimanjaro, ambako ardhi tambarare ni adimu kwa sababu ya miteremko, kipande chenye urefu wa mita 40 hivi hutosha kwa mbio na pichi. Uwanja wa shule unamudu hilo, na ukuta wa mawe nyuma ya kijiti huokoa muda wa kufuata mpira mtelemkoni.

Karim hakumshinda Ponting kwa nguvu, wala Nsubuga hakuhitaji kasi akiwa na miaka 43. Wote wawili walifanya jambo moja jepesi, wakalirudia mpaka mpigaji akachoka kungoja kosa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa mrushaji wa ligi, haba hiyo ni mipira 36 kwa kila zoezi, ikihesabiwa bila kujidanganya.